Gari la Fahari na Gari la Senti: Historia Tuliyoiona Västerås

Kwa miongo kadhaa sasa, ukiacha miaka ya janga la korona, mji wa Västerås nchini Uswidi umekuwa ukijaa kila mwanzo wa Julai magari ambayo, kwa umri wake, yangepaswa kuwa yamekwisha yeyushwa zamani kuwa nondo. Mji huo uko kilomita mia moja hivi magharibi ya Stockholm, kando ya ziwa Mälaren. Ni mji wa viwanda. Kampuni ya umeme ya ASEA, ambayo mwaka 1988 iliungana na kampuni ya Uswisi na kuitwa ABB, ndiyo iliyoulea. Sisi tulifika huko tukitokea Uppsala, tulikokuwa kwa shughuli za ufundishaji wa Kiswahili, na tulichotarajia kuona ni magari mazuri tu.

Wasomaji wa jarida hili watauliza, na haki wanayo: magari ya Kimarekani yaliyoegeshwa katika uwanja wa nyasi huko Uswidi yanaihusu nini Idara ya Kiswahili? Jibu letu ni kwamba tulikwenda kutazama magari, tukarudi na maneno. Kila kundi la magari tulilolipitia lilikuwa na jina lake, na kila jina lilikuwa limebeba historia ya watu ambao vitabu vya historia aghalabu huwapita bila kuwasalimu: vijana wa viwandani, wakulima wadogo na mafundi wa gereji za vijijini.

Kwanza tueleze kilichoko uwanjani. Mgeni hupokewa na magari ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960: Chevrolet, Buick, Ford, Plymouth, na juu ya yote Cadillac ya mwaka 1959, yenye urefu wa karibu mita 5.7 na mapezi mawili nyuma kama ya papa. Baadhi yamerejeshwa katika hali yake ya asili kwa uangalifu mkubwa, kiasi kwamba mwenyewe anajua kila parafujo ilikotoka. Mengine yamegeuzwa. Paa limekatwa na kushushwa, springi zimefupishwa mpaka gari linakaribia kulala chini, injini ya awali imetolewa na kubwa zaidi imetiwa, rangi imepakwa kwa miali ya moto. Kuna na kundi la tatu ambalo hatukulitarajia, nalo ni mikweche. Haya ni magari yenye kutu, milango ya rangi tofauti, bampa lililofungwa kwa waya, na vijana tele ndani wakipiga muziki wa roki wa kale. Waswidi huliita gari la namna hiyo *pilsnerbil*, yaani gari la bia. Mwenye Cadillac iliyong'arishwa na wenye mkweche hupita katika foleni moja jioni, polepole, wakati wenyeji wamekaa kandokando ya barabara kwenye viti vya kukunja kana kwamba wanatazama gwaride.

Mtu asidhani kwamba magari hayo yaliyogeuzwa ni kazi ya kihuni isiyo na sheria. Uswidi ina chama cha kitaifa cha wajenzi wa magari, kiitwacho kwa kifupi SFRO, ambacho wakaguzi wake hulichunguza gari lililojengwa au kugeuzwa na mtu binafsi kabla halijapelekwa katika ukaguzi wa kawaida. Aidha, gari likifikisha umri wa miaka 30 husamehewa kodi ya mwaka ya magari. Kwa hiyo uzee, ambao kwetu hulishusha gari thamani mpaka likaishia kuuzwa kwa kilo, kule hulifungulia mlango wa heshima.

Lakini ilikuwaje magari ya Marekani yakawa mengi namna hii katika nchi iliyokuwa ikitengeneza Volvo na Saab? Hapa ndipo historia inapoanza kunoga.

Uswidi haikupigana katika Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha mwaka 1945, viwanda vyake vilikuwa vimesimama vizima wakati vya majirani vimebomolewa, na Ulaya nzima ilihitaji chuma, mbao na mashine. Mishahara ikapanda. Matajiri na wafanyabiashara wakaagiza magari makubwa ya Marekani, wakayaendesha miaka michache, kisha wakayauza. Gari la aina hiyo hunywa petroli kama ng'ombe anywavyo maji, na thamani yake hushuka upesi. Hivyo basi, katikati ya miaka ya 1950, kijana wa Kiswidi aliyekuwa akifanya kazi kiwandani au gereji aliweza, pengine kwa kuchanga na wenzake, kununua gari ambalo miaka michache nyuma lilikuwa la mkurugenzi. Wakajaa humo sita au wanane, wakazunguka mjini usiku, wakisimama kuwaita wasichana.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno *raggare*. Walimu wa sarufi watalipenda. Kitenzi *ragga* maana yake ni kutafuta mpenzi barabarani, kutongoza kwa kuzungukazunguka; kiambishi *-are* hutaja mtendaji, kama sisi tunavyotumia m- mwanzoni na -ji mwishoni. Kwa hiyo raggare ni mtongozaji, lakini mtongozaji mwenye gari. Neno lilianza kama tusi. Magazeti ya mwishoni mwa miaka ya 1950 yaliwaandika vijana hao kama balaa la taifa, na mwaka 1959 mwongozaji Olle Hellbom alitoa filamu iliyoitwa kwa jina lao hilohilo. (Huyu Hellbom ndiye ambaye baadaye aliongoza filamu za watoto zilizotokana na vitabu vya Astrid Lindgren, mtu mmoja na kalamu mbili.) Katika miaka ya 1970 raggare waligombana na vijana wa panki, na baada ya ule msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973 magari makubwa yalizidi kukosa wanunuzi Marekani, huku Waswidi wakizidi kuyafuata hukohuko.

Leo mzee wa miaka sabini uwanjani Västerås atakuambia kwamba yeye ni raggare, na atalitamka neno hilo kama mtu anayetaja ukoo wake. Ni jambo linalofaa kutafakariwa na kila anayefundisha semantiki. Neno halikubadilika hata herufi moja, ila waliotukanwa walilishika wakakataa kuliachia, wakazeeka nalo mpaka waliowatukana wakawa hawapo.

Tamasha lenyewe lilianzishwa mwaka 1978 na Kjell Gustafsson, mhariri wa jarida la magari, huko Anderstorp, mji mdogo uliokuwa na uwanja wa mashindano ya magari. Liliitwa Power Meet, baadaye Power Big Meet, na likahamia Västerås ambako lilikua hadi kuhesabiwa miongoni mwa maonyesho makubwa kabisa ya magari ya Kimarekani duniani, nje na ndani ya Marekani kwenyewe. Mwaka 2018 Power Big Meet lilihamishiwa Lidköping, kando ya ziwa Vänern, na papo hapo wakazi wa Västerås wakaanzisha tamasha lao jipya, Summer Meet. Mji ulikuwa umekwisha zoea. Usingekubali kiangazi kipite kimya.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Katika baadhi ya mikweche, na hata katika magari kadhaa ya bei, tuliona bendera nyekundu yenye msalaba wa buluu na nyota nyeupe. Ni bendera ya vita ya yale majimbo ya kusini ya Marekani yaliyojitenga na kupigana kuanzia 1861 hadi 1865 ili utumwa wa watu weusi uendelee. Tulisimama. Mmoja wetu alimwuliza kijana mwenye gari, kwa adabu, bendera ile ina maana gani kwake. Alieleza kwamba ni ya uasi, ya roki, ya kutotaka kutawaliwa, na kwamba imo katika mila ya raggare tangu kabla yeye hajazaliwa. Hatukumwona kuwa mtu mwenye chuki. Alitusogezea viti na kutukaribisha kahawa.

Hata hivyo hatukukubaliana naye, na tunaieleza sababu kwa lugha ya kazi yetu. Tunapofundisha ukopaji wa maneno tunawaambia wanafunzi kwamba neno likivuka mpaka huacha nyuma sehemu ya maana yake. Ni kweli. Ila anayeiacha maana hiyo ni mkopaji tu. Mwenye kidonda haiachi. Bendera ile ilivuka Atlantiki pamoja na Cadillac na gitaa, ikapoteza njiani habari ya mashamba ya pamba na minyororo, ikabaki uasi mtupu. Kwetu sisi, ambao katika pwani yetu soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, habari ile haikupotea njiani. Waswidi wenyewe wanabishana juu ya bendera hiyo, na wapo raggare walioiondoa. Tulimwambia yule kijana historia yake kwa kifupi. Alisikiliza hadi mwisho, na bendera ikabaki pale ilipo.

Tuliondoka hapo tukaenda upande wa magari ya nyumbani kwao, na huko tukakuta wenyeji wetu wa kweli. Volvo, kampuni iliyotoa gari lake la kwanza mjini Göteborg tarehe 14 Aprili 1927, ina jina la Kilatini lenye maana ya "nabingirika". Mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaunguruma, ilionyesha Stockholm gari dogo lenye mgongo wa mviringo lililoitwa PV444, na mwaka 1947 likaanza kutengenezwa. Mdogo wake, PV544, alifuata mwaka 1958. Yote mawili kwa pamoja yalitengenezwa karibu 440,000 hadi mwaka 1965. Usukani wake uko kushoto, na hilo ni la ajabu kidogo kwa sababu Waswidi wakati huo walikuwa wakiendesha upande wa kushoto wa barabara, kama Uganda, Kenya na Tanzania. Walipoulizwa kwa kura mwaka 1955, asilimia 83 hivi walikataa kuhama. Bunge likaamua kinyume mwaka 1963, na alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ilisimamisha magari, ikahamia kulia. Sisi tuliokwisha vuka Gatuna kwa basi tunaijua hali hiyo ya kubadilisha upande katika mita chache. Kubadilisha taifa zima kwa dakika chache ni kazi nyingine.

Mzee mmoja mwenye PV544 ya kijivu alipojua kwamba tunatoka Afrika Mashariki alitamka neno moja tu: "Safari!" Hakuwa na maana ya simba na tembo. Alikuwa na maana ya mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo katika miongo yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 mashindano hayo yalishindwa na Joginder Singh, Singasinga mzaliwa wa Kericho, akiwa na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo PV544. Tena lilikuwa gari lililokwisha tumika: dereva wa Kiswidi Tom Trana ndiye aliyelipigisha tope kabla yao. Mwaka mmoja nyuma Erik Carlsson alikuwa wa pili kwa Saab, na baadaye Björn Waldegård alishinda Safari mara nne, miaka ya 1977, 1984, 1986 na 1990. Ndiyo maana katika vichwa vya Waswidi wa rika fulani neno letu *safari* lina harufu ya petroli na tope la kifusi chekundu. Hili nalo ni neno lililovuka mpaka likabadilika, na mara hii tulifurahi.

Tumeacha kwa makusudi, mpaka sasa, gari lililotupendeza kuliko yote. Halina kromu wala mapezi. Mbele ni Volvo ya kawaida, nyuma limekatwa baada ya kiti cha dereva na kuwekewa sanduku la mbao kama pikapu ndogo, na nyuma kabisa limebandikwa pembetatu nyekundu ya kuonya kwamba hiki ni chombo cha mwendo wa pole. Wenyewe huliita EPA.

Katika miaka ya 1930 na wakati wa vita, mkulima mdogo wa Kiswidi hakuweza kupata trekta. Yalikuwa machache na ya ghali. Fundi wa kijiji akachukua gari kuukuu, akalikata nyuma, akafupisha fremu, akafunga ekseli ya lori na mara nyingi giaboksi ya pili nyuma ya ile ya kwanza ili mwendo upungue na nguvu iongezeke. Kikapatikana chombo cha kuvuta jembe na magogo. Serikali, iliyohitaji chakula kuliko ilivyohitaji nidhamu ya mafundi, ikaviruhusu vyombo hivyo na kuviwekea kanuni.

Na jina? EPA lilikuwa duka. Lilifunguliwa Örebro mwaka 1930, na jina lake ni kifupi cha maneno yenye maana ya "kampuni ya bei moja": bidhaa zote ziliuzwa kwa bei chache zilizopangwa, za senti. Duka likaenea nchi nzima, watu wa kipato cha chini wakalipenda, na wenye nacho wakaanza kulitumia jina lake kama kivumishi cha dharau. Kitu cha EPA ni kitu rahisi, cha kubahatisha. Trekta lililoungwaungwa kutokana na mkweche lingeitwa nini tena?

Hapa tulitazamana tukacheka, kwa maana jambo hili tunalijua nyumbani. Maelezo ya kawaida ya neno *matatu* ni kwamba linatokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi jijini Nairobi. Daladala ya Dar es Salaam ilipata jina lake katika miaka ya 1980 kutokana na sarafu ya shilingi tano ambayo watu waliiita dala. Cadillac lilipewa jina la Mfaransa mwanzilishi wa mji wa Detroit, ilhali chombo cha mnyonge huitwa kwa bei yake, na mara nyingi bei yenyewe hufa, jina likabaki. Hakuna anayepanda matatu leo kwa senti thelathini. Duka la EPA nalo lilitoweka katika miaka ya 1970, na vijana wanaolitaja jina hilo kila siku hawajawahi kuingia humo; wengi wao hata wazazi wao hawakuingia.

Baada ya vita trekta halisi zilikuja, ndogo na nafuu, na mkulima akaliacha EPA lake nyuma ya ghala. Mtoto wake akalikuta hapo. Kwa kuwa sheria ililihesabu chombo hicho kuwa trekta, mtu hakuhitaji leseni ya gari kuliendesha, na katika kijiji ambacho basi hupita mara mbili kwa siku hilo si jambo dogo. Chombo cha kulimia kikawa chombo cha kwendea dansi. Serikali ilijaribu kulitia utaratibu: mwaka 1963 zikatolewa kanuni za aina mpya iitwayo A-traktor, na mwaka 1975 milango ikafungwa kwa EPA mpya. Aina mpya ikashika nafasi ya ile ya zamani, nao watu wakaendelea kuiita EPA. Wanaotunga istilahi ofisini na kushangaa kwa nini mitaani hazitumiki wanaweza kulitazama trekta hili kwa faida.

Leo kijana wa miaka 15 mwenye leseni ya pikipiki ndogo anaruhusiwa kuendesha A-traktor, ilimradi mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Mwaka 2020 ikaruhusiwa kuzuia mwendo kwa njia ya kielektroniki badala ya kuchezea giaboksi, na idadi ya vyombo hivyo ikapanda mno, na ajali nazo zikapanda. Watoto walikuwa wakijazana nyuma katika sanduku kama magunia. Mwaka 2023 kanuni zikakazwa: kila abiria awe na kiti chenye mkanda. Mkanda huo wa pointi tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie, kwa hiyo kanuni ya 2023 ilichelewa kuwafikia watoto wa vijijini kwa miaka zaidi ya sitini katika nchi ya mvumbuzi mwenyewe. Vijana tuliozungumza nao walilalamika kwamba serikali inataka kuwaua EPA. Mama mmoja aliyesimama karibu nao alisema kwamba yeye angependa serikali iharakishe.

Jioni foleni ilipoanza kuzunguka mji, wasichana wawili walipita katika Volvo 240 iliyokatwa nyuma, imepakwa rangi ya waridi, pembetatu nyekundu ikining'inia na muziki ukitetemesha vioo vya maduka. Mbele yao ilikuwa Cadillac ya 1959 na nyuma yao Buick. Katika foleni ile hakuna aliyeweza kuzidi kilomita 30 kwa saa.